Gari la Mjerumani Linakwenda Mlimba

Kwenye kona moja ya mtaa wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, mbele ya kibanda cha fundi redio, kulikuwa na benchi refu la mninga ambalo halijawahi kumpeleka mtu popote, lakini lilijua njia zote za bonde la Kilombero kuliko magari yaliyozipita. Masika ya mwaka tisini na sita benchi hilo lilikuwa na wakazi wanne, na mbele yao alikaa Siwema na birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, ndoo ya vikombe pembeni, sinia la kashata na karanga mapajani. Wenyewe walipaita kijiwe cha madereva, ingawa mwenye gari la kuendesha alikuwa mmoja tu, na gari lenyewe lilikuwa la bosi. Mzee Telesphory aliendesha trekta kwenye shamba la miwa mpaka akastaafu, na kwa kuwa kila hadithi yake ilianza na trela, wakamwita Mzee Trela. Limbu alikuwa Msukuma mwenye ng'ombe kule Mofu. Usukani hajaushika maishani, ila alisema mtu anayeongoza kundi zima kwa mluzi hahitaji leseni. Abdulkarim, mwenye kibanda, alizisikiliza redio za watu kuliko alivyozitengeneza, na jina lake lilikuwa Mitambo. Wa nne alikuwa Damiani, dereva wa Land Rover ya mfanyabiashara mmoja wa mchele, kijana makini asiyejua kukwama, ambaye watu wa pale walimwita Rivasi.

Ijumaa hiyo, mvua ilipokatika alasiri, Damiani alifika kijiweni na moyo mzito. Kesho yake alitakiwa Mlimba, kwa Mzee Joachim, baba yake Justa, ambako wazee wangekaa jioni kutaja siku ya harusi. Posa ilikuwa imepokelewa tangu kiangazi. Mara tatu Damiani alikwishaondoka Ifakara kwenda kutajiwa siku, na mara tatu aligeuza njiani akarudi. Safari hii Mzee Joachim alituma neno fupi: asipofika Jumamosi, asihangaike tena, wapo wengine wanaobisha hodi. Kijiwe kizima kililijua neno hilo, kwa kuwa mbele ya kahawa Damiani hakuwa na siri. Jambo moja tu hakuwaambia. Kila alipogeuza gari alijisikia nafuu, nafuu tamu kabisa, na nafuu hiyo ilimtisha kuliko maji ya mto Ruipa. Si kwamba hakumpenda Justa. Alimpenda sana, ila akijiona amesimama katikati ya wazee wale, na kimo chake kifupi na Land Rover isiyo yake, hamu ya kufika ilimwisha.

— Shikamoo, Mzee Trela.

— Marahaba, Rivasi. Kesho tunakwenda?

— Tunakwenda.

— Unakwenda wewe. Sisi kazi yetu kukupangia. Siwema, mpe kahawa, ana safari.

Siwema akamimina.

— Mimi naona apande treni, alisema. Asubuhi kapanda, mchana yuko Mlimba, nguo hazijachafuka.

Benchi zima lilimgeukia kama ametukana msibani. Mzee Trela akaweka kikombe chini.

— Siwema, dereva hapandi treni kwenda ukweni. Atashukaje? Na kibegi mkononi, anauliza njia? Watu watasema mkwe gani huyu, dereva anayeletwa na dereva mwenzake.

— Nimesema tu. Mimi nauza kahawa.

— Uza.

Hapo Abdulkarim akatoka kibandani, bisibisi iko sikioni, uso umejaa habari.

— Jamani, nyinyi mnahangaika na usukani, wenzenu wameshautupa. Nimesikia redioni, idhaa ya nje, si mambo ya mtaani. Wajerumani wana gari linalojiendesha lenyewe.

— Kwenye mteremko, alisema Mzee Trela. Hata trela langu lilifanya hivyo. Likaenda lenyewe mpaka mtoni.

— Kwenye tambarare, mzee. Lina kamera mbele, lina kompyuta ndani. Kamera inaona, kompyuta inakata shauri. Dereva kakaa tu, mikono mapajani.

— Huyo si dereva, huyo ni bosi. Wangu anakaa hivyo hivyo, alisema Damiani.

— Likikuta shimo? aliuliza Limbu.

— Linalikwepa.

— Kwenda upande gani?

— Upande mzuri.

— Mitambo, alisema Damiani, njia ya Ruipa haina upande mzuri. Ina upande mbaya, na upande ambao hujapata bahati ya kuujua.

Limbu alikuwa anatafuna karanga taratibu. Alizimeza, akafuta mdomo.

— Na likikuta ng'ombe?

— Linasimama.

— Mpaka lini?

— Mpaka ng'ombe apite.

— Ng'ombe hapiti, ndugu yangu. Ng'ombe anamtazama dereva usoni. Akiona kakasirika, anajivuta kidogo. Akiona kiti hakina mtu, analala. Na wenzake wakiona kalala, wanakuja. Gari lako litazeekea pale, litaota majani, nao watayala.

— Kwani Ujerumani hakuna ng'ombe?

— Wapo, lakini wa Mjerumani anakaa ndani ya uzio. Wa kwangu anakaa Mofu.

Abdulkarim hakuwa mtu wa kushindwa na ng'ombe. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya benchi ili wamwone vizuri.

— Litapiga honi.

— Anadhani anaitwa. Anasogea karibu.

— Sawa, alisema Mzee Trela. Ng'ombe tumwache. Mimi nina swali la kikazi. Maji yamefunika barabara, huoni chini. Nani anashuka na fimbo kwenda kuyapima?

— Utingo.

— Utingo wa nani? Umesema gari halina mtu.

Abdulkarim akakuna kidevu.

— Labda nalo wamelitengenezea utingo wa chuma.

— Anashuka mwenyewe, anatembea majini mpaka kiunoni, anarudi anasema pita kushoto?

— Kama limeweza kuendesha, litashindwa kupima maji?

— Basi tumepata kasheshe. Utingo akishafika Mngeta lazima ale. Akishakula lazima alale. Na nijuavyo mimi utingo, akilala Mngeta, kesho gari linaondoka bila yeye, mwezi wa tisa tunaletewa mtoto wa bati.

Siwema alicheka mpaka kahawa ikamwagikia mkaa. Damiani alicheka pia, na kwa muda huo mfupi akasahau kesho.

— Kuku je? aliuliza Siwema. Likigonga kuku?

— Linalipa.

— Linalipaje? Kuku akigongwa barabarani siku zote alikuwa anataga. Hakuna mtu aliyewahi kugongewa kuku asiyetaga. Lazima ushuke, uombe radhi, mwenye kuku alie, uulize habari za nyumbani, ndipo mkubaliane. Hicho chuma kitauliza habari za nyumbani?

— Na msiba, aliongeza Limbu. Ukikuta msiba njiani, unasimama, unavua kofia. Hilo litavua nini?

— Litazima taa, alisema Abdulkarim, lakini kwa sauti ya mtu anayeanza kurudi nyuma.

Damiani alizungusha kikombe mkononi. Kulikuwa na jambo lililomkera tangu safari yake ya tatu, na sasa alipata mahali pa kulisemea.

— Mitambo, nakuuliza la matawi. Gari likikatika ekseli, utingo anakata matawi, anayalaza barabarani kabla ya kona, ili anayekuja ajue mbele pameziba. Hilo la Mjerumani likiona matawi, linaona nini?

— Linaona majani.

— Halafu?

— Linapita juu yake.

— Linapita, linafika kwenye kona, linalivaa lori tumboni. Mimi nilipokuta matawi Mbingu, sikuhitaji kompyuta. Niligeuza.

Watu wakakohoa. Mzee Trela alitazama juu kama anatafuta dalili za mvua.

— Rivasi, alisema Limbu kwa upole. Yale matawi yalikuwa ya mama mmoja anayefuga mbuzi. Yalimdondoka kichwani.

— Ningejuaje?

— Ungeenda mpaka kwenye kona.

— Ningekuta lori je?

— Ungelikuta. Lakini hapakuwa na lori.

— Ndiyo hayo ninayosema, alidakia Mzee Trela, maana hakupenda mwenzake afedheheke. Dereva mzuri ni yule anayeona na visivyokuwepo. Safari ya kwanza kakuta mti umeanguka Namwawala, kageuza. Ya pili kakuta maji Ruipa, barabara nyembamba, hakuna pa kugeuzia, karudi kinyumenyume mpaka Namwawala, tena bila kuchubua rangi. Nani bonde hili anaweza hivyo? Ndiyo maana tukamwita Rivasi. Hajawahi kukwama.

— Na hajawahi kufika, alisema Siwema akikoroga makaa.

Damiani aliisikia vizuri, akajifanya anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Abdulkarim alisimama ghafla. Ilionekana kitu kimemjia.

— Tumsaidie, alisema. Gari la Mjerumani halitazami shimo moja moja kama sisi. Kabla halijaondoka linachora njia zote zinazowezekana, kila kizuizi linakipa ubaya wake, linajumlisha, halafu linashika njia yenye ubaya mdogo kuliko zote.

— Redio imesema hivyo?

— Redio ilisema nusu. Nusu nimemalizia mwenyewe. Tuitie Land Rover ya Rivasi akili ya Mjerumani, tuone kesho inapita wapi. Siwema, tuazime vikombe.

— Mtaviosha?

— Tutaviosha.

— Hamjawahi kuosha hata nyuso zenu kabla ya kuja hapa, alisema Siwema, lakini akavitoa.

Abdulkarim akavipanga juu ya benchi kwa mstari. Hiki hapa Ifakara, hiki Namwawala, hiki Ruipa, kinachofuata Mbingu, halafu Mngeta, halafu Chita. Vikombe vikaishia kwenye paja la Limbu, ambaye alikuwa amekaa mwishoni na hakuona sababu ya kusogea. Karanga zikawa ubaya. Pabaya kidogo, karanga moja. Pabaya sana, konzi nzima. Wote wanne wakainama, na tangu kijiwe kianzishwe hapajawahi kufanyika kazi yenye umakini kiasi kile.

— Mti wa Namwawala, alisema Abdulkarim.

— Ulishakatwa kuni, alisema Damiani.

— Shina limebaki. Mbili.

— Ruipa?

— Konzi, alisema Mzee Trela. Na nusu konzi ya kushuka kwenye tope, na nusu nyingine ya kupandia.

— Kuku wa Mbingu.

— Tatu. Mmoja tu atagongwa, lakini mwenyewe ana maneno mengi.

— Msiba?

— Nani amekufa?

— Hatujui. Ndiyo ubaya wenyewe. Weka nne.

— Njia ya chini, kupitia Mofu? aliuliza Damiani. Alikuwa ameanza kuamini.

— Kule kuna ng'ombe wangu, alisema Limbu. Weka sinia zima.

— Mbona karanga za Mngeta zimepungua?

— Zilikuwa mbili tu, alisema Limbu, akameza.

— Limbu, unakula vizuizi.

— Si ndiyo kusaidia safari?

Walihesabu, wakabishana, Mzee Trela akaleta kisa cha trela lililobeba miwa na padri, kikaongezwa karanga tano ambazo hakuna aliyejua ni za nini. Njia kuu ilielemewa. Njia ya Mofu ilielemewa zaidi. Njia ya pembeni mwa reli ilikataliwa kwa kuwa ni makosa kupita na gari. Abdulkarim alishika kiuno, akayatazama mahesabu yake kama daktari.

— Kuna njia moja hatujaipima, alisema. Ile kompyuta inapima na kusimama pia. Kusimama ni uamuzi.

— Kusimama wapi?

— Hapa. Kwenye kikombe cha Ifakara.

Wote wakatazama kikombe cha Ifakara. Hakikuwa na karanga hata moja.

— Hakuna tope, alisema Mzee Trela taratibu.

— Hakuna ng'ombe, alisema Limbu.

— Na kahawa ipo, alisema Abdulkarim. Mahesabu yameshatoka, jamani. Njia iliyo salama kuliko zote ya kwenda Mlimba ni kubaki hapa hapa.

Walishangilia kwa kupigana mabega, halafu wakaona kwamba wamefanya jambo la ajabu, wakaacha. Damiani aliendelea kukitazama kikombe cha Ifakara. Nafuu ile ile ilikuwa imeshuka kifuani mwake, tamu kama kawaida, na safari hii alijichukia nayo. Hata gari halijawashwa na tayari alikuwa ameshageuza.

Wakati huo msichana mmoja alikuwa anakuja na barabara ya kutoka stesheni, kitenge kimefungwa kiunoni, kikapu kikubwa kichwani, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alisimama mbele ya benchi, akatua kikapu, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Habari za utokako? aliitikia Mzee Trela.

— Nzuri. Natokea Mlimba, nimeshuka na treni. Samahani, nyumba ya mama Angelina, yule mshonaji, ni hapa karibu?

Damiani alikuwa ameinama anaokota karanga iliyoanguka. Aliposikia sauti ile hakuinuka. Alikuwa ameisikia kiangazi kizima cha mwaka jana, uani kwa Mzee Joachim, ikimuuliza kama chai imekolea. Akaendelea kuitafuta karanga ambayo tayari alikuwa nayo mkononi.

— Nyumba ya tatu baada ya mashine ya mpunga, alisema Siwema. Ni shangazi yako?

— Ndiyo. Nimekuja kumchukua. Kesho wazee wanakaa nyumbani, hawawezi kukaa bila yeye.

— Kumbe umetoka Mlimba, alisema Abdulkarim kwa furaha. Basi umetumwa na Mungu. Sisi hapa tunapanga safari ya Mlimba. Njoo utazame, wewe ni mwenyeji.

Justa alimwona. Damiani alilijua hilo bila kuinua macho, kwa jinsi miguu yake ilivyogeuka kumwelekea. Lakini hakumtaja. Alisogea akatazama vikombe na karanga.

— Hii ni nini?

— Barabara, alisema Abdulkarim. Karanga ni vizuizi.

— Ni vingi hivi?

— Na vingine Limbu amekula.

— Nani anasafiri?

— Huyu kijana wetu hapa, alisema Mzee Trela, akampiga Damiani mgongoni. Anaitwa Rivasi. Usimwone amenyamaza hivi. Kuna binti huko kwenu anamngoja. Mara tatu ameondoka hapa kumfuata.

— Mara tatu.

— Mara tatu, mwanangu. Mti ukaanguka. Maji yakajaa. Matawi nayo yakatokea. Dereva mwingine angejitosa tu, gari la watu likaharibika. Huyu ana akili, akiona dalili anarudi.

— Akirudi anafanya nini?

— Anakunywa kahawa na sisi, alisema Limbu.

Kila mmoja alikuwa anamsifia, na kila sifa ilimwingia Damiani kama mwiba. Alitaka kuwaambia wanyamaze. Aliinama zaidi, na wenzake wakadhani ni unyenyekevu.

— Siku hiyo ya maji, alisema Justa, huko kwetu tulichinja. Mama alisema gari likichelewa ni tope tu, tungoje. Tulingoja mpaka taa ikaisha mafuta.

— Mlichinja kwa ajili ya nani? aliuliza Abdulkarim. Siwema alikuwa ameacha kukoroga makaa. Alimtazama msichana, akamtazama Damiani, akaelewa, akajifunika mdomo kwa kanga.

Justa alichuchumaa kando ya benchi. Akanyoosha kidole, akafuata vikombe kimoja kimoja, polepole, bila kugusa karanga.

— Hapa Ifakara, alisema. Namwawala. Ruipa. Mbingu. Mngeta. Hiki?

— Chita, alisema Abdulkarim.

— Na Mlimba iko wapi?

Abdulkarim alinyoosha kidole. Akatazama kikombe cha mwisho, akatazama kile cha kabla yake, akavihesabu upya. Mzee Trela naye akainama kutazama. Limbu, ambaye ndiye alikuwa mwisho wa benchi, akajiinua kidogo akaangalia alipokuwa amekaa. Hapakuwa na kitu ila mbao.

— Vikombe viliisha, alisema Abdulkarim hatimaye.

— Ndoo ina vikombe tele, alisema Siwema.

Walikuwa wamebishana tangu mvua ilipokatika, wamepima ng'ombe, kuku na marehemu asiyejulikana, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuliwekea gari mahali pa kufika. Gari la namna hiyo, hata lingetengenezwa na nani, lingeona vizuizi tu. Damiani aliinua uso. Justa alikuwa anamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amechoka tu, vumbi la treni kwenye nyusi, miguu mitupu katika tope la Ifakara.

— Kesho asubuhi narudi na shangazi, alisema, sasa akizungumza naye peke yake. Wazee wanakaa jioni. Ukija, njoo. Usipokuja, Damiani, sitauliza tena ulikwamia wapi.

Akapiga goti tena kwa wazee, akajitwika kikapu, akaondoka.

Mzee Trela alimsindikiza kwa macho, kisha akamgeukia Damiani.

— Ndiye?

— Ndiye, alisema Damiani.

— Mbona hukutuambia?

— Nilikuwa natafuta karanga.

— Sasa tulia, alisema Abdulkarim, akivuta kikombe kingine kutoka kwenye ndoo, kikichuruzika maji. Bado tuna nafasi. Mlimba tunaiweka hapa, Limbu sogea. Tunaanza upya.

— Kabla ya hapo, alisema Limbu, kuna suala la kumfuata sasa hivi. Hapa mpaka mashine ya mpunga kuna njia mbili.

— Tatu, alisema Mzee Trela. Ipo ya kuzungukia nyuma ya ghala, ila ina mbwa.

— Mbwa mpe karanga ngapi?

Damiani alikuwa amesimama. Alijua kwamba akingoja wampangie atakaa, kwa sababu walikuwa rafiki zake na waliijua kazi hiyo vizuri. Aliogopa. Aliogopa vilevile kama kule Ruipa, kama kule Mbingu, na hapakuwa na mti wala maji wala matawi ya kusingizia. Akaruka mguu wa Mzee Trela, akashika barabara, nusu anatembea nusu anakimbia.

— Rivasi, alisikia nyuma, Land Rover utaipitisha wapi kesho?

Alimfikia Justa karibu na mashine ya mpunga, pumzi zimemwisha. Justa alisimama, mkono mmoja juu ukishikilia kikapu.

— Unakwenda wapi? aliuliza.

Alikuwa na maneno mengi, ameyapanga tangu kiangazi, kuhusu gari na kazi na bosi na afya ya mjomba wake. Aliyaacha yote.

— Mlimba, alisema. Nampitia mjomba Viktor usiku huu, ndiye atakayenisemea kwa wazee, asubuhi tunapanda treni na nyinyi.

— Treni? Dereva mzima?

— Nitakaa dirishani.

Justa alimtazama kwa kitambo, kama mtu anayepima kama maji yamepungua kweli. Kisha akashusha kikapu kichwani.

— Basi nibebee hiki. Shingo inaniuma tangu stesheni.

Kilikuwa na mchele, ndizi na kuku mmoja hai aliyefungwa miguu, na kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Damiani alijitwika mbele za watu, kichwani kama mchukuzi wa sokoni, akamfuata. Walizungumza juu ya mama yake Justa, na shangazi, na jinsi baba yake anavyopiga kelele lakini hang'ati. Wapi palikuwa na madimbwi na wapi pakavu hakuona. Walipofika mlangoni kwa mama Angelina, Justa akamwonyesha miguuni kwa kidole, ndipo alipotazama chini akaona viatu vyake vimezama kwenye tope mpaka kwenye kamba.